Mazingaombwe ya safarini hayakuwa kazi ya mtu mmoja

Wengi wanapolisikia neno mazingaombwe humwaza bwana mmoja mwenye kofia ndefu, akizunguka mijini na begi lake, huku mwanamke akisimama pembeni kama pambo la jukwaa. Dhana hiyo inapotosha, na mfano wa Adelaide Herrmann, mwanamke mwanamazingaombwe wa Marekani, unaionyesha kasoro yake waziwazi.

Mumewe, Alexander Herrmann, naye mwanamazingaombwe, alifariki Desemba 1896 ndani ya behewa lake binafsi, treni ikielekea Bradford, Pennsylvania, siku moja tu baada ya onyesho la Rochester. Hapo kulikuwa na wasaidizi wanaosubiri ujira, wanyama wanaohitaji kulishwa na makasha ya vifaa ambayo kila mji yalifunguliwa, yakapangwa upya kwa kufuata ukubwa wa jukwaa la pale, kisha yakafungwa usiku uleule ili yapakiwe tena kwenye treni. Kama kazi ingekuwa ya mtu mmoja, ingezikwa naye.

Haikuzikwa. Adelaide alimwita Leon, mpwa wa mumewe, washirikiane jukwaani, na Januari 1897, jijini New York, yeye mwenyewe alisimama mbele ya bunduki na kufanya kiinimacho cha kudaka risasi, ambacho kimewahi kuua watu kweli. Baada ya misimu mitatu aliacha kufanya kazi na Leon, akaendelea kwa jina lake. Mwaka 1926 moto wa ghalani uliteketeza vifaa vyake na wanyama wake wengi. Akiwa na zaidi ya miaka 70, alitengeneza onyesho dogo zaidi na kurudi jukwaani.