Samaki wa dhahabu wa Kijapani hutazamwa kutoka juu

Wageni wakija kuona samaki wangu, jambo la kwanza huchuchumaa kando ya karai wakitafuta kioo. Hakuna kioo. Nawaomba wasimame watazame chini, maana samaki hawa waliumbiwa jicho la mtu aliyesimama juu yao.

Asili yao ni China, ambako samaki wekundu walioonekana kati ya ndugu zao wa kijivu walitengwa na kuzalishwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa mapokeo ya Wajapani, walifika kwao mwaka 1502 kupitia bandari ya Sakai. Waliwekwa kwenye vyungu na madimbwi, na kilichoonekana humo ni mgongo, mabega na jinsi mkia unavyokunjuka. Basi wafugaji wakachagua wazazi kwa sifa hizo hizo, kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 1724 mtawala wa eneo, Yanagisawa Yoshisato, alihamishwa kutoka Kofu kwenda Koriyama, mkoani Nara, na inasemekana alihama na samaki wake. Samurai wa vyeo vya chini pale waliwafuga ili kuongeza kipato. Posho zao zilipokatwa zama za Meiji (1868–1912), kazi ya ziada ikawa ndiyo riziki. Mabwawa ya kumwagilia mpunga yalikuwapo tayari, yamejaa vijidudu vya maji ambavyo vifaranga huvipenda kuliko chakula kingine chochote. Mpaka leo mji huo, Yamatokoriyama, unajulikana kwa samaki hao.

Aina ni nyingi. Wakin ana umbo jembamba la mababu. Ryukin, mnene mwenye mkia mrefu, jina lake linataja visiwa vya Ryukyu alikopitia. Oranda maana yake Uholanzi, ingawa hakutoka huko: enzi hizo kitu kigeni na adimu kiliweza kupewa jina la Waholanzi waliofanya biashara Nagasaki.

Anayenigusa zaidi ni tosakin wa mkoa wa Kochi. Mkia wake haukugawanyika katikati. Umetandazwa kama upindo wa gauni, na ncha zake za mbele zinajipindua. Hukuzwa kwenye bakuli la mviringo lenye maji machache, azunguke polepole mkia upate umbo. Mabomu yaliyoangushwa Kochi mwaka 1945, kisha tetemeko na tsunami ya 1946, nusura vimmalize. Walibaki wachache mno, na waliopo leo ni uzao wao.

Jikin wa mkoa wa Aichi ni mweupe mwenye midomo, vifuniko vya mashavu na mapezi mekundu. Ili mpaka wa rangi uwe safi, wafugaji humkwangua magamba angali mdogo. Naheshimu utaalamu wao, lakini mimi sitamkwangua samaki.

Ninayemfuga mwenyewe ni ranchu. Hana pezi la mgongoni, na mgongo wake umejipinda kama kitana cha Kijapani chenye mgongo wa mviringo. Ranchu wa leo anatokana na kazi ya mfugaji Ishikawa Kamekichi wa Tokyo, zama za Meiji, na kwenye maonyesho washindi hupewa vyeo kama vya wapiganaji wa sumo. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Vifaranga wakitimiza kama wiki mbili, nawateka kwenye bakuli jeupe, nachukua kijiko na kuwachambua, kama mtu achambuavyo mchele kwenye ungo. Huyu mkia umekunjamana upande mmoja, anatoka. Yule ana kijiti cha pezi mgongoni, anatoka pia. Narudia wiki chache baadaye, na tena. Hata wazazi wakiwa washindi, wengi wa watoto huondolewa, kwa sababu umbo hili halijatulia kwenye damu. Ukiacha kuchambua kwa vizazi vichache, wanaanza kurudi kwenye umbo la babu yao. Waliotoka nawagawia majirani wenye mapipa. Mtoni siwaachii kamwe, wangevuruga makao ya samaki wa humo.

Wanaobaki ni weusi weusi, kama samaki wa porini. Rangi hugeuka baada ya miezi miwili au mitatu. Weusi huanza kufifia tumboni, kisha ubavuni, na mgongo huwa wa mwisho. Kwa hiyo mimi ninayetazama kutoka juu hungoja siku nyingi baada ya dhahabu kuwa imeshaanza.