Kuriseti eapodi ni kufanya nini hasa?

Simama nusu saa tu kwenye safu ya mafundi simu pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, neno "riseti" utalisikia mara nyingi kuliko salamu. Simu imeganda, iriseti. Redio ya gari haisomi flashi, iriseti. Eapodi imekufa upande mmoja: "Hiyo ya kuriseti tu, mzee, elfu mbili." Mteja anatoa elfu mbili, fundi anabonyeza kitu kwa kidole gumba huku akiongea na mtu mwingine, taa inamulika, kazi imekwisha. Kuna siku inapona kweli. Kuna siku inapona mpaka Kabwe, ukishakaa kwenye daladala imekata tena.

Kwanza tukubaliane majina. Eapodi ninazosema hapa ni vile vipokea sauti vidogo vya masikioni visivyo na waya, vinavyolala kwenye kiboksi chao cha kuchajia. AirPods za Apple, zilizoingia sokoni Desemba 2016, ndizo zilizotuachia jina, na sasa hata za elfu kumi na tano ni eapodi, kama vile kila dawa ya meno dukani ilivyo Colgate. Mtaani hakuna anayesumbuka nalo, nami sisumbuki.

Kuriseti ni kukifanya kifaa kisahau. Kinasahau simu zote kilizowahi kuunganishwa nazo na mipangilio yote uliyokibadilishia, kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Basi. Kuriseti hakusafishi kitu, hakuongezi nguvu ya betri, hakuungi waya uliokatika. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo utajua mwenyewe kama riseti inayahusu au haiyahusu.

Sasa, kinasahau nini hasa? Simu na eapodi zikikutana mara ya kwanza zinapeana namba ya siri, na kila moja inaitunza kwake. Jina unaloliona kwenye simu ni la kukusaidia wewe kusoma tu. Zenyewe zinatambuana kwa ile siri. Ukiweka simu yako kwa Kiswahili, menyu inakwambia "oanisha", na aliyelichagua neno hilo alijua anachofanya, maana limetoka kwenye kuoa. Wawili wameoana, kila mmoja ana cheti chake kabatini. Ukiriseti eapodi umechana cheti cha upande mmoja. Simu bado inacho, bado inaiorodhesha eapodi kama mwenzi halali, inaiita kwa siri ya zamani, eapodi inajibu "wewe nani?" Hapo ndipo mtu anapolalamika kwamba ameriseti mara tano na bado inagoma kuunganika. Talaka ni ya pande mbili. Kabla hujagusa kitufe cha kiboksi, ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, gusa jina la eapodi, uiambie simu iisahau. Ndipo uriseti. Ndipo uoanishe upya.

Nina shangazi yangu Tukuyu. Mwaka jana nilimpelekea eapodi za bei ya kawaida asikilizie kwaya akiwa shambani kwenye chai. Wiki ya pili akapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Vile vidude ulivyoniletea vimeshaharibika. Vinalia tii, halafu kimya. Nivitupe?"

"Kuna mwingine aliyevitumia?"

"Nani avitumie? Labda huyu mjukuu, jana alisikilizia mpira."

Na mjukuu alikuwa chumba cha pili, simu mfukoni, Bluetooth imewashwa. Eapodi nyingi zikitolewa kwenye kiboksi huitafuta simu ya mwisho kuunganishwa nayo, na hapo ya mwisho ilikuwa ya kijana. Zilikuwa zimeshaunganika naye zamani, naye hana habari. Nikamsikia shangazi akipaza sauti azime "hiyo nini yako", na muda si mrefu kwaya ikaanza. Hatukuriseti kitu. Nyumba yenye simu nne, hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza: nani mwingine ameishika?

Jina Bluetooth, kwa wanaopenda asili ya mambo, ni la mfalme wa Denmark wa miaka ya 900, Harald, anayekumbukwa kwa kuwaunganisha watu wake. Kazi yenyewe ilianzia kampuni ya Ericsson, Sweden, mwaka 1994. Inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, mkondo uleule wa Wi-Fi nyingi na wa oveni za maikrowevu. Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu mawimbi hayo humezwa vizuri sana na maji, na mwili wako sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali na sauti inakatakata unapotembea, hamishia simu mfuko wa mbele, au upande wa eapodi inayokata, uone. Stendi ya Nane Nane asubuhi, kila mtu na simu yake na kila basi na redio yake, kukatika kidogo ni kawaida. Hakuna riseti ya kutuliza stendi.

Kuna ndoa ya pili ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoipa riseti heshima yake. Eapodi ya kulia na ya kushoto nazo zimeoanishwa zenyewe kwa zenyewe. Katika aina nyingi moja ndiyo kiongozi: inaongea na simu, nyingine inaifuata. Zikipotezana, kwa mfano uliitumia moja muda mrefu huku nyingine imeisha chaji, kila moja inaanza kujiona kiongozi. Kwenye simu unaona majina mawili, lenye L na lenye R, au unasikia upande mmoja tu. Hapo fundi wako wa Mwanjelwa akisema ni ya kuriseti, amepatia. Au fanya mwenyewe ubaki na elfu mbili yako.

Futa jina kwenye simu. Zima Bluetooth za simu nyingine za nyumbani. Weka eapodi zote mbili kwenye kiboksi chenye chaji, maana kiboksi kikiwa hakina chaji unabonyeza bure. Kama kiboksi kina kitufe, kishikilie bila kuachia sekunde 10 hadi 15 mpaka taa ibadilike. AirPods zenye kitufe nyuma hushikiliwa sekunde 15 kifuniko kikiwa wazi, taa inamulika rangi ya kaharabu (njano ya machungwa) kisha nyeupe. Zisizo na kitufe, mara nyingi unagusa eapodi zote mbili kwa pamoja na kushikilia muda kama huo, nyingine zikiwa ndani ya kiboksi, nyingine zikiwa nje. Karatasi ndogo iliyokuja nayo inasema. Ile tunayoitupa na mfuko. Ukimaliza, funga kifuniko, hesabu kumi, fungua, zioanishe na simu, eapodi zote mbili zikiwa pamoja.

Yaliyobaki karibu yote ni ya kiboksi na uchafu, na nayasema kwa uchungu wa mtu aliyeyapitia. Yangu ya kushoto ilianza kunong'ona. Nikariseti. Ikanong'ona. Nikariseti tena usiku, asubuhi, nikaipeleka kwa fundi naye akariseti, nikalipa. Mwisho binti yangu akaishika, akaitazama juani, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, hii si nta?" Kile kichujio kidogo cha wavu kilikuwa kimeziba. Nikakisugua taratibu kwa mswaki laini mkavu, nimeielekeza chini ili uchafu uangukie nje, na sauti ikarudi. Sindano usiguse, utatoboa wavu, na nyuma yake pana ngozi nyembamba ya spika.

Sehemu nyingine ya kutazama ni vile vichwa vidogo vya shaba chini ya kiboksi, na vituo vyake kwenye eapodi. Chaji inapita hapo, na kwa aina nyingi ndipo eapodi inapojua kwamba imerudi nyumbani. Vikipata utando wa jasho, mafuta ya nywele na vumbi letu la Septemba, eapodi hukaa ndani ya kiboksi ikidhani iko sikioni. Inabaki imeunganika na simu. Unapigiwa, unapokea, unasema haloo, haloo, husikii mtu, kumbe sauti yote inaongelea ndani ya kiboksi kwenye begi. Na asubuhi eapodi haina kitu. Dawa ni pamba ya masikio iliyoguswa spirit ya duka la dawa, kidogo tu, kisha iachwe ikauke.

Kiboksi kisichoingiza chaji kabisa nacho huhukumiwa haraka. Kama kimekaa droo miezi kadhaa, betri imeshuka mno, na chaja ya ndani huanza kwa kuipa umeme mdogo mdogo kabla ya kuikubali. Taa inaweza isiwake mara moja. Kiache kwenye umeme nusu saa hata zaidi kabla hujakitangaza marehemu. Halafu tazama waya. Viboksi vya bei rahisi vyenye tundu la Taipu-C mara nyingi havina vile vipingamizi viwili vidogo vinavyoiambia chaja kuna mgeni, na waya wenye Taipu-C ncha zote mbili, kwenye chaja ya kisasa, hautoi umeme kabisa usipopata salamu hiyo. Chukua waya wa kawaida wenye ile ncha pana ya mstatili upande wa chaja, chomeka kwenye chaja ya zamani. Kinawaka. Nimeona watu wamenunua eapodi mpya kwa sababu ya waya.

Na baridi. Hili mtu wa Dar hawezi kukwambia. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na Juni na Julai asubuhi unaziona pumzi za abiria ndani ya basi pale Makambako. Betri ya lithiamu kwenye baridi kali inakuwa nzito kutoa umeme. Ukiidai sauti kubwa, nguvu yake inashuka ghafla, eapodi inadhani imeisha, inajizima ikiwa bado na chaji. Tena betri yenyewe ni ndogo mno: ya simu ni kama milliampea-saa 5,000, ya eapodi moja ni 40 hivi. Haina akiba ya kuvumilia. Iweke mfuko wa ndani wa koti ipate joto la mwili, dakika kumi itarudi. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa. Joto kali linaiua betri kuliko baridi, na kitu cha baridi kikiingia ghafla jikoni penye mvuke kinatoa jasho kama chupa ya soda, ndani kwa ndani, kwenye saketi. Kuchaji usiku wa barafu kule Kitulo pia hapana: chini ya nyuzi 0 betri hizi zinaharibika zikichajiwa.

Uzee nao haurisetiwi. Betri za aina hii huanza kuchoka baada ya kama mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha. Zilizokuwa zinakaa saa nne zikikaa dakika arobaini miaka mitatu baadaye, hakuna kitufe cha kubonyeza.

Ukipoteza upande mmoja, pale sokoni utapata wa kununua peke yake. Hakikisha ni wa aina ileile kabisa, kisha weka zote mbili kwenye kiboksi, riseti kwa pamoja ili zioane upya. Ukiriseti ile mpya peke yake haitamjua mwenzake. Na ukinunua AirPods zilizotumika, kuziriseti hakuzitoi kwenye akaunti ya Apple ya mwenyewe wa kwanza. Usahaulifu huo haufiki huko. Muuzaji azitoe kwa simu yake mwenyewe, mbele yako, kabla hela haijatoka mfukoni. Akisema simu yake iko nyumbani, mwambie utarudi kesho.