Byakugan si kipaji

Ubishi wa Naruto, ile katuni ya Kijapani ya ninja, ukishapamba moto, hakosi mtu wa kuwalinganisha ninja wawili vijana na kusema: "Neji ana kipaji, Rock Lee ana juhudi." Nusu ya pili sina ugomvi nayo. Ni hiyo ya kwanza inayonikera.

Nguvu za wahusika ni za aina mbili: nguvu ya kuzaliwa nayo ni ile mhusika aliyokuja nayo duniani, na nguvu ya kuchuma ni ile aliyoitolea jasho. Basi. Tabu inaanza pale kila kitu cha kundi la kwanza kinapobatizwa jina la kipaji.

Neno lenyewe limetokana na kitenzi -pa, kilekile kilichotupatia mpaji, kama tunavyosema Mpaji ni Mungu. Ndugu yake ni kipawa, na ndani yake mna kupawa, yaani kupewa. Wajapani nao hawako mbali: tensai yao huandikwa kwa alama mbili, moja ya mbingu na moja ya uwezo. Kipaji, basi, humshukia mtu mmojammoja. Byakugan haiko hivyo. Ni macho yenye nguvu ya pekee ya ukoo wa Hyuga: Neji anayo, binamu yake Hinata anayo, na baba zao, ambao ni pacha, walikuwa nayo. Huo ni urithi, kama shamba la babu. Kama macho ndiyo kipaji, mbona kwenye mtihani wa Chunin, ule wa kupanda cheo cha ninja, Neji alimchapa Hinata, mwenye macho yaleyale, tena mtoto wa nyumba kuu, yaani tawi linaloongoza ukoo?

Kipaji cha Neji kiko kwingine. Kaiten, ile mbinu ya kujizungusha, ilikuwa ya kurithishana nyumba kuu tu. Yeye wa tawi la chini la ukoo aliifumbua mwenyewe bila mwalimu. Hapo pana akili ya pekee, na pana mazoezi pia, jambo ambalo sisi mashabiki wa Lee hatupendi kulisikia.

Na Naruto mwenyewe, mhusika mkuu? Kurama, yule mbweha wa mikia tisa, hakuzaliwa naye. Baba yake Naruto ndiye aliyemfungia mbweha huyo mwilini mwa mwanawe siku ileile mtoto alipozaliwa. Kama kuna anayestahili neno kipawa kwa maana yake ya asili ni huyo: kapewa kweli, tena bila kuulizwa.

Kwa hiyo safari ijayo sema tu Neji ana urithi, ana kipaji, na amefanya mazoezi. Lee mwachie juhudi zake, hapo hukukosea.