Je, wajua kwa nini jabali la kando ya bwawa la kuogelea hulia kama mtungi mtupu?

Ukibahatika kukaa kando ya bwawa la kuogelea lenye maporomoko na mawe makubwa makubwa, usiishie kupiga picha. Kunja kidole, uligonge jabali mojawapo mahali pakavu. Jiwe la kweli litakuumiza kidole na kutoa sauti fupi inayofia hapo hapo. Hili la bwawani, mara nyingi, litalia kama mtungi usio na maji.

Tabia hii ya kugonga nimeipata kwa fundi mmoja wa Dar es Salaam, niliyemkuta uani kwa watu akipapasa zege mbichi kwa kiganja, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Mkono mmoja ulikuwa na mwiko, mwingine ulikuwa na kipande cha foili ya jikoni kilichokunjwakunjwa. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba mwamba wa bwawa haumwagwi wala hauchongwi kutoka kwenye bonge. Unavishwa.

Kwanza, kwa nini uwe mtupu ndani? Ni uzito. Mita moja ya ujazo ya jiwe la graniti ina tani 2.7 hivi. Chukua jabali la mita moja na nusu kila upande: hilo peke yake ni tani 9. Kulifikisha nyuma ya nyumba, kupita geti, shimo la maji taka na mwembe wa babu, ni kazi ya kreni. Na likishafika, litakaa wapi? Udongo wa kando ya bwawa umechimbwa na kurudishiwa, bado haujashikana, na mzigo wa tani 9 pale utaukandamiza na kuusukumia kwenye ukuta wa bwawa. Ganda la zege la umbo lile lile, lenye unene wa sentimita 5, halizidi sana tani 1.3. Tena ule utupu wa ndani una kazi: hupitisha mabomba, na ukiachiwa mlango unaficha hata pampu.

Kazi huanza na mifupa. Nondo za milimita 8 au 10 zinakunjwa kwa mkono kufuata umbo la jabali, zinafungwa kwa binding waya kila zinapokutana, kisha juu yake hutandazwa wavu wa chuma wenye matundu madogo ili zege isidondoke ndani. Ukilitazama hatua hii, utadhani ni dema kubwa la mvuvi lililosahauliwa uani. Umbo lote huamuliwa hapa. Fundi akikosea tumbo la jabali kwenye nondo, hakuna plasta itakayomwokoa.

Sasa, aliyeleta njia ya kulivisha dema hilo zege hakuwa mjenzi. Alikuwa Carl Akeley, Mmarekani aliyetengeneza wanyama wa maonyesho katika makumbusho ya Field huko Chicago. Zamani, mnyama wa makumbusho alikuwa ngozi iliyoshindiliwa majani makavu, na alionekana hivyo hivyo: gunia lenye miguu. Akeley alikuwa akifinyanga kwanza mwili mzima wa mnyama, msuli kwa msuli, kisha akautoa umbo la ganda jembamba na jepesi lililoshikwa na wavu wa waya, na ngozi ikaja mwisho. Tembo wawili aliowaleta kutoka nchi ambayo leo ni Kenya, katika safari ya 1905 hadi 1906, bado wamesimama wakipambana ndani ya jengo la makumbusho hayo. Ganda, wavu, ngozi. Soma tena maneno hayo matatu na ulitazame jabali la bwawa.

Mwaka 1907 kuta za nje za makumbusho hayo zilikuwa zikibanduka, maana jengo lile la zamani lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1893 na halikukusudiwa kudumu. Akeley akaunda mashine ya kuyatibu: saruji na mchanga, vikiwa vikavu, vinasukumwa kwa upepo wa kompresa ndani ya mpira mrefu, na maji yanakutana navyo pale mdomoni tu, kufumba na kufumbua kabla ya kugonga ukuta. Alipata hataza yake mwaka 1911. Zege ya namna hiyo ikaanza kuuzwa kwa jina la Gunite, na mpaka leo wajenzi wa mabwawa wa Marekani hulitaja neno hilo kila siku. Mwenyewe alifariki Novemba 1926 akiwa kwenye miteremko ya mlima Mikeno, Kongo, alikorudi kwa ajili ya sokwe wakubwa wa milimani, na huko huko akazikwa, ndani ya hifadhi aliyokuwa ameipigania hadi ikaanzishwa mwaka 1925. Leo tunaiita Virunga. Mimi hunigusa sana kwamba mtu aliyewezesha miamba hii ya kutengenezwa kulala uani kwa watu amelala katikati ya milima ya volkano ya kweli.

Kwa nini kurusha kwa upepo kushinde kupaka kwa mwiko? Zege inayofika kwa kasi hujigandamiza yenyewe, hupenya nyuma ya nondo, na hung'ang'ania hata ukuta uliosimama wima bila mbao za kuishikilia. Ndiyo maana bwawa la umbo lolote, hata la figo au la tone la maji, linaweza kujengwa kwa mashine hii. Pasipo mashine, mafundi huitupia kwa mwiko tabaka kwa tabaka, na jabali dogo hutoka vizuri tu. Ila kuna jambo moja la kusimamia kwa macho yako: zege iliyogonga, ikaruka na kuanguka chini, isirudishwe kazini. Saruji nyingi imebaki ukutani, na kilichoanguka ni mchanga na kokoto ndogo. Ukikiona kinazolewa kwenye karai na kujazia pembe, simamisha kazi.

Juu ya ganda huja tabaka la kuchongwa, na hapa ndipo wajenzi wetu wanaposema zege hailali. Ikiwa mbichi mno, mchoro unajifuta. Ikishakaza, umechelewa. Muda wa katikati ni wa saa chache tu, na jua la mchana huufupisha, kwa hiyo lile papaso la fundi lilikuwa saa yake. Alipoona pametosha alibandika ile foili, akaikandamiza kwa ngumi, akaibandua, na uso laini ukawa na mikunjo ambayo mwiko hauwezi kuichora. Wenye uwezo mkubwa zaidi hutumia ngozi za mpira: wanakwenda kwenye mwamba halisi, wanaupaka mpira wa majimaji mara nyingi nyingi, ukikauka wanaubandua pamoja na alama zake zote, kisha wanaugandamiza kwenye zege mbichi. Jabali linavishwa ngozi ya jabali jingine.

Lakini ngozi nzuri kwenye umbo la uongo haimdanganyi mtu. Nina msimamo hapa: iga mwamba wa kwenu. Mawe ya Mwanza yana mviringo kwa sababu graniti hupasuka kwa mistari, na pembe ya jiwe hushambuliwa na maji na hewa pande tatu kwa mpigo huku uso bapa ukishambuliwa upande mmoja, hivyo pembe huliwa mapema. Utaona hilo ukiangalia jiwe la Bismarck pale ziwani. Pwani ni habari nyingine. Jiwe letu ni tumbawe la kale, lenye vishimo na ncha, na mawimbi hulila chini hadi likabaki kama uyoga. Anayeishi Mbezi akiletewa magenge mekundu ya jangwa la Arizona, jicho lake litayakataa kila asubuhi bila kujua sababu. Ukiiga tumbawe, basi zile ncha ziwe juu tu. Mahali pa mkono na goti la mtoto pasuguliwe.

Rangi haipakwi kama ya ukuta. Huzimuliwa kwa maji mengi na kupuliziwa, ikateremka yenyewe mpaka kwenye mianya na kutulia humo, giza chini na weupe juu, kama uchafu wa miaka ulivyofanya kwenye jiwe la kweli. Na baadhi ya nyufa zina kazi ya kweli: zege hupanuka kwa jua na kusinyaa usiku, kwa hiyo fundi mwerevu huacha viungo vya kupumulia na kuvichonga vionekane nyufa za asili.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni maji. Maporomoko ni maji ya bwawa lenyewe yanayopandishwa kwa pampu, na kila tone linalopenya nyuma ya jabali halirudi. Chini ya maporomoko lazima kuwe na beseni zima la zege lililopakwa dawa ya kuzuia maji kabla jabali halijasimamishwa juu yake. Mchanga wa ufukweni usiguswe, maana chumvi yake huozesha nondo, kutu huvimba, na ganda hupasuka kutoka ndani. Nondo zote za bwawa na za jabali ziunganishwe kwa waya wa shaba na fundi umeme anayejua kazi, ili hitilafu ya pampu isimkute mtu majini.

Kisha mwagilia zege kwa siku saba bila kuruka hata moja, na kabla ya kulipa malipo ya mwisho fanya jaribio la ndoo. Jaza ndoo maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa ili maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, weka alama pande zote mbili. Zima maporomoko, ngoja saa 24. Jua linakausha ndoo na bwawa sawasawa, kwa hiyo vyote vishuke kiasi kile kile. Siku ya pili rudia maporomoko yakiwa yanamwagika. Bwawa litapoteza zaidi kidogo kwa matone yanayorukia nje na upepo, lakini likishuka vidole viwili huku ndoo imeshuka kimoja, na sakafu ya pembeni ni kavu, mwite fundi wako mzunguke naye nyuma ya jabali.