Deki ya bibi haijui MP4

Desemba ikiingia, watu wakianza kushuka stendi ya Moshi kuja kula sikukuu nyumbani, meza yangu ya kuchoma DVD hujaa flashi. Mmoja ana kipaimara cha mtoto, mwingine send-off ya dada, na wote wanataka kitu kimoja: DVD ya kumpelekea bibi Kibosho au Marangu. Bibi hana simu janja. Ana televisheni ya kichogo na deki aliyonunuliwa zamani, na deki hiyo ndiyo bosi wa kazi yangu. Video inaweza kucheza vizuri kwenye kompyuta na bado ikawa haina maana kwake.

Alinijia mama mmoja wa Old Moshi ameshika DVD aliyochomewa kwingine. Nilipomwamkia akaitikia, "Marahaba mwanangu. Nimeambiwa humu kuna harusi ya binti yangu. Mbona deki inazungusha tu, kisha inasema hakuna diski?" Nikaitia kwenye kompyuta. Harusi ilikuwemo yote, kuanzia kanisani hadi keki, katika faili moja la MP4, aina ya faili la video linalotumiwa na simu. Aliyechoma alilibeba faili akalitia kwenye diski kama anavyolitia kwenye flashi. Nilimwonea huruma sana, maana alikuwa ameshawaita majirani waje kuangalia.

Deki ya DVD inafuata masharti yaliyowekwa mwaka 1996, na haijui mengine. Ukiitia diski, inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS. Humo inategemea kukuta mafaili ya VOB yenye picha na sauti, kila moja lisizidi GB 1, na mafaili ya IFO yanayoielekeza ianzie wapi na iende wapi. Yapo pia ya BUP, ambayo ni nakala za hayo ya IFO, ili diski ikichubuka mahali pamoja deki isipotee njia. Picha yenyewe kwa kawaida huwa imebanwa kwa namna iitwayo MPEG-2. Video ya simu hubanwa kwa namna nyingine, H.264, na siku hizi H.265. H.264 ilikamilika mwaka 2003, kwa hiyo deki za kwanza zilitengenezwa kabla haijakuwapo. Deki zilizokuja baadaye, zile zinazosoma DivX, namna nyingine ya kubana video, hucheza baadhi ya mafaili ya AVI, lakini MP4 ya simu huzishinda nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kuchoma kuna kugeuza. Mimi natumia DVDStyler, programu ya bure ya kutengeneza DVD. Chagua PAL, mfumo wa picha za televisheni, ndio wetu Tanzania: nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Sauti ibanwe kwa namna iitwayo AC-3, ya kilohezi 48. Kugeuza harusi nzima kunaweza kula saa kadhaa kwenye kompyuta ya kawaida, na ndiyo sababu nikikuambia urudi kesho ninamaanisha kesho.

Sasa tuje kwenye nafasi, maana hapa ndipo harusi nyingi zinapoharibikia. Diski imeandikwa GB 4.7, kompyuta inakuonyesha 4.38, hujaibiwa, ni namna mbili za kuhesabu. Ukiigawa nafasi hiyo kwa saa mbili za video, kila sekunde inapata kama megabiti 5.2, picha na sauti pamoja. Hapo picha inapendeza. Ukishindilia saa nne, kila sekunde inabaki na megabiti 2.6, na kwenye dansi, watu wanaporuka na taa zinapowaka, nyuso zinageuka vijiboksi. Mteja ataniambia, "Bana hivyohivyo, iingie kwenye moja." Hapana. Kanisani diski ya kwanza, ukumbini ya pili. Na video ikiwa fupi, nusu saa tu, usishawishike kupandisha kasi hadi kikomo cha megabiti 9.8 za picha kwa sekunde. Deki iliyochoka hukwama kwenye diski ya kuchomwa yenye kasi hiyo. Mimi sivuki 8.

Diski yenyewe nachukua DVD-R, ile ya kuchomwa mara moja tu. Ilitangulia mwaka 1997, DVD+R ikafuata 2002, na deki kuukuu mara nyingi huwa zimeizoea ile ya kwanza. Zile za kufuta na kurudia, RW, ziache kabisa kwa kazi ya bibi: zinarudisha mwanga kidogo, na leza iliyozeeka haizioni. Nachoma kwa kasi ya 4x, kama dakika 15 kwa diski iliyojaa, na nachomea kwenye laptopu yenye betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika katikati, DVD-R hiyo ni ya kutupa. Mwisho naifunga diski, yaani naiamuru kompyuta iikamilishe isiongezewe kitu tena. Isiyofungwa inasomeka kwenye kompyuta iliyoichoma, lakini deki nyingi zinaikataa.

Stika za karatasi sibandiki. Zikivimba au zikikaa upande, diski inayumba inapozunguka. Jina naliandika kwa kalamu laini isiyokwaruza, na namwambia mteja asiiache diski juu ya dashibodi, kwa sababu rangi iliyobeba picha zake huharibiwa na jua.

Chini ya meza nina deki kuukuu kuliko zote nilizowahi kushika. Kila diski inapita humo kabla haijatoka: mwanzo, katikati, na dakika kumi za mwisho, maana data huandikwa kutoka ndani kwenda nje, na makosa hupenda ukingoni.

Yule mama tulimaliza naye kwa diski mbili, akaziangalia hapohapo kwenye deki yangu mpaka binti alipovishwa pete. Kisha akataka seti nyingine ya wakwe zake Machame. Nikamuuliza, "Deki yao ni ya namna gani, mama?" Akatoa simu kwenye khanga akawapigia.