Posho ya Hatari ya Lazima: Nani Hasa Aliyelazimishwa?

Kila mazungumzo yanapofika kwenye maduka ya vyakula ya Marekani wakati wa janga la Korona, hujitokeza mtu akasema kwamba sheria za posho ya hatari ziliyaua maduka madogo huru, na ushahidi wake huwa ni maduka mawili yaliyofungwa Long Beach, California, mwezi Aprili 2021, baada ya jiji hilo kuamuru posho hiyo ilipwe. Maduka hayo yalikuwa mali ya Kroger, kampuni ya supamaketi yenye zaidi ya maduka 2,000. Nimeyasikia hayo mara nyingi mno, na naona kosa linaanzia kwenye neno lenyewe, posho.

Posho ya hatari ni malipo ya ziada anayolipwa mfanyakazi kwa sababu kazi yake, au mahali anapoifanyia, humweka karibu na madhara kuliko ilivyo kawaida. Huwa ya lazima pale mamlaka ya umma inapoamuru ilipwe.

Tatizo la kwanza ni kuiita bonasi. Katika misafara ya karne ya 19, posho ilikuwa chakula alichopimiwa mpagazi, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho njiani. Uganda hadi leo posho ni ugali, na Kenya jina hilo limebaki kwenye vinu vya kusagia mahindi, ilhali Tanzania limehamia kwenye fedha anazopewa mtu juu ya mshahara wake. Katika asili yake, basi, posho haikuwa shukrani ya mwenye msafara kwa wapagazi wake, bali kitu ambacho bila hicho mzigo haukubebeka. Bonasi ni jambo jingine: hutolewa kwa hiari na huweza kukatwa kwa hiari, kama Kroger ilivyowaongezea wafanyakazi wake dola 2 kwa saa mwaka 2020, kisha ikasitisha nyongeza hiyo mwezi Mei ilhali ugonjwa ungali ukienea.

Tofauti hii huonekana hata kwenye hesabu. Sheria ya kazi ya shirikisho la Marekani haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa posho ya hatari, lakini akiilipa, huingizwa katika kiwango kinachotumika kukokotoa saa za ziada. Zawadi inayotegemea hiari ya mwajiri peke yake haiingizwi. Keshia anayelipwa dola 16 kwa saa akiongezewa posho ya dola 4, saa yake ya ziada hukokotolewa kutoka dola 20, mara moja na nusu, na hivyo hulipwa dola 30.

Kwa kuwa sheria ya shirikisho haikulazimisha, miji ndiyo iliyoamua. Januari 2021 baraza la jiji la Long Beach lilipitisha sheria ndogo ya dola 4 kwa saa kwa siku 120, lakini iliyahusu tu makampuni yenye wafanyakazi 300 au zaidi nchini kote, na maduka yenye zaidi ya wafanyakazi 15. Jiji la Seattle nalo liliamuru dola 4, likaweka mpaka wake kwenye wafanyakazi 500 duniani kote. Duka la familia lenye wafanyakazi 12 halikuamriwa kulipa hata senti moja katika miji hiyo miwili.

Hapa ndipo dhana na sheria zilipoachana, na ni jambo linalonigusa kwelikweli. Posho ya hatari, kwa maana yake, hufuata hatari. Sheria hizi zilifuata ukubwa wa mwajiri. Keshia wa duka dogo alipokea noti zilezile kutoka kwa wateja walewale, pengine katika chumba chembamba kisichopitisha hewa, na virusi havikuuliza mwajiri wake ana matawi mangapi. Mabaraza yalikuwa na sababu ya kumwacha nje: makampuni makubwa yalikuwa yamevuna faida nono mwaka 2020, na duka dogo lingeweza kuzidiwa. Hata hivyo, kuachwa nje ya sheria si sawa na kutokuwa hatarini.

Wala si sawa na kutoguswa. Mwenye duka dogo hushindania wafanyakazi na supamaketi iliyo mtaa wa pili, na supamaketi hiyo ikipandisha malipo kwa dola 4, keshia mzoefu wa duka dogo anaweza kuhama bila sheria yoyote kumgusa mwajiri wake. Tuseme basi mwenye duka dogo ameamua kuwalipa watu wake 12, kila mmoja kwa saa 40, dola hizo 4 za ziada: ni dola 1,920 kwa wiki. Katika biashara ambayo faida halisi huwa senti chache tu kwa kila dola ya mauzo, tukadirie senti 2, anahitaji mauzo mapya ya dola 96,000 kila wiki ili kuzifidia, na hapati punguzo la bei ambalo kampuni kubwa hupewa kwa kununua shehena nzima. Upande wa pili, tawi kubwa likifungwa au likipandisha bei, wateja wa tawi hilo wanaweza kuhamia kwenye duka dogo. Kwa hiyo athari huenda pande zote mbili, nayo hupitia sokoni.

Neno “huru” pia linahitaji uangalifu. Duka huru ni lile ambalo mwenyewe ndiye mwamuzi wake. Halilazimiki kuwa dogo, kwani wapo wamiliki huru wenye matawi kadhaa. Kinyume chake, mfanyabiashara mdogo anayetumia kwa mkataba jina la mtandao mkubwa alihesabiwa Seattle pamoja na mtandao wote, hivyo angeweza kujikuta ndani ya sheria ingawa duka lake ni moja.

Basi anayetaka kusema kwamba maduka madogo huru yaliumia, na aseme hivyo, maana huenda mengine yaliumia kweli. Ila aseme kwamba yalisukumwa na ushindani wa kupata wafanyakazi, wala asiseme yaliamriwa na sheria, na yale mawili ya Long Beach ayaache kwenye hesabu ya Kroger.