Shokapu Ikiitwa na Kiwanda, Marekebisho ni Bure

Tangu kampuni ya Harley-Davidson itoe wito wa usalama (recall), yaani kuzirudisha kwa marekebisho, hapa Marekani kwa pikipiki zaidi ya 82,000 za aina ya Softail, matoleo ya mwaka 2018 hadi 2024, dawati letu limekuwa likipokea maswali mengi kutoka kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili. Kasoro ni kwamba bolti inayoshikilia kirekebishio (kifaa cha kurekebisha ugumu) cha shokapu ya nyuma inaweza kukatika, kirekebishio kikagusa tairi, na tairi likaishiwa upepo ghafla pikipiki ikiwa kwenye mwendo.

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni, "Yangu nimeiendesha miaka mitatu, haina shida." Ndugu msomaji, bolti haitoi taarifa kabla ya kukatika. Mwaka 2017 BMW iliita pikipiki zake za R 1200 GS zilizotengenezwa kati ya Novemba 2013 na Juni 2017, kwa kuwa bomba za shokapu za mbele zingeweza kuwa zimeumia pikipiki ilipogonga kizuizi. Mtu anapiga shimo, anayumba kidogo, anaendelea na safari na kusahau. Bomba halisahau.

Utaratibu uko hivi. Mtengenezaji akishaamua kuwa kuna kasoro ya usalama, ana siku 5 za kazi kuiarifu NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani. Wamiliki nao waandikiwe barua kwa posta ndani ya siku 60, hata kama vipuri bado havijapatikana. Vikipatikana inakuja barua ya pili. Barua inafuata anwani iliyo kwenye usajili. Ukihama bila kubadilisha anwani, inaenda kwa mpangaji mwingine, kisha tunaambiwa "sikuarifiwa."

Usisubiri barua. Chukua namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, iliyo kwenye fremu karibu na usukani na kwenye hati ya usajili, uiingize katika tovuti ya NHTSA. Kama wito haujatekelezwa, utauona. Piga simu kwa wakala wa kampuni, panga siku, na uondoke na karatasi ya kazi iliyofanyika.

Hulipi chochote, iwe vipuri au ufundi, mradi pikipiki haikuwa imepita miaka 15 tangu kununuliwa mara ya kwanza hadi wito ulipotolewa. Haki hii inaifuata pikipiki. Uliinunua mkononi mwa mtu? Ni yako vilevile. Uligharamia matengenezo ya kasoro hiyohiyo kabla ya wito? Tunza risiti, kwani mtengenezaji anatakiwa kuwa na mpango wa kurudisha fedha. Ikiwa umeipeleka na siku 60 zimepita bila kutengenezwa ipasavyo, sheria inahesabu kwamba mtengenezaji ameshindwa, na hapo suala la kubadilishiwa au kurudishiwa fedha linafunguka. Tarehe uliyoipeleka iandikwe.

Wakala haruhusiwi kukuuzia pikipiki mpya yenye wito ambao haujatekelezwa. Kwa pikipiki iliyotumika hakuna katazo la namna hiyo katika sheria ya shirikisho, kwa hiyo ikague namba mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu adhabu: sheria ya mwaka 2015 iliweka faini hadi dola 21,000 kwa kila kosa, na hadi dola milioni 105 kwa mfululizo wa makosa yanayohusiana, na viwango hivyo hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Faini hizi ni za makampuni. Tumesharudia mara nyingi, na tunarudia tena: hakuna mmiliki anayetozwa kwa sababu pikipiki yake imeitwa, wala kuitikia wito si kujisalimisha kwa polisi.

Hatutoi tamko juu ya ajali yoyote mahususi wala hatupendekezi fundi. Ila tunawaomba wanaokusudia kusafirisha pikipiki zao nyumbani, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, waikague namba na kumaliza marekebisho kabla haijaingia kwenye kontena. Huku wakala yuko karibu na kazi hiyo ni bure.